Mario wa Ngamiani alikuwa mzito wa miguu

Kwenye kaunta buku langu la pili kuna hakiki ya gemu niliyoikata kwa mistari miwili ya kalamu nyekundu, ila karatasi yenyewe sikuichana. Inasema: "Mario hii imeharakishwa. Wameiharibu. Haifanani kabisa na ile ya zamani." Chini yake nimetia sahihi na tarehe, kama mtu aliyetoa hukumu mahakamani. Nimeiacha pale inisute.

Mchana mie ni karani wa ghala hapa Tanga. Kazi yangu ni kuhesabu magunia yanayoingia na yanayotoka, kulinganisha na makaratasi, na kugombana na madereva. Usiku na siku za mapumziko nacheza gemu za zamani, hasa zile za kushika mkononi, halafu naandika nilichokiona. Hakuna anayenilipa. Wasomaji wangu ni vijana wa kijiweni kwetu wanaokuja kuuliza kabla hawajatoa hela, mpwa wangu wa darasa la sita, na shangazi yangu, ambaye hasomi daftari bali hutaka asomewe huku anachambua mchele.

Nilianzia kwenye kibanda cha gemu kule Ngamiani, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Kusema kibanda ni heshima tu. Kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mtu, kimetolewa makochi, kimewekwa mabenchi mawili na TV ya chogo ya inchi 14 juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono. Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, ilitoka Japani mwaka 1983, lakini hiyo haikukanyaga mtaa wetu. Tuliyokuwa nayo sisi ni nakala zake, zile mashine nyepesi za kuiga zilizosambaa dunia nzima kwa majina mengi, na kaseti za rangi ya njano zilizoandikwa kwamba ndani mna gemu 9999.

Shilingi 50 ilinunua maisha matatu. Si dakika: maisha. Ukifa mara tatu unaachia pedi, unarudi nyuma ya foleni. Sikukuu ya Idi ndiyo ilikuwa balaa, maana kila mtoto alikuwa na mkono wa Idi mfukoni, kanzu imelowa jasho mgongoni, na foleni inatoka mpaka barazani. Mwenye kibanda hakuwapenda waliojua kucheza. Mtoto fundi angeweza kukalia shilingi 50 moja kuanzia adhuhuri mpaka alasiri, na biashara ikalala.

Ndiyo maana gemu ya Contra ilikuwa na bei yake peke yake. Kuna namna ya kubonyeza kabla haijaanza: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Ukipatia, badala ya maisha matatu unapewa 30. Tuliikariri kama alifu kwa kijiti, na hakuna aliyejua imetoka wapi. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba ilianza kwenye gemu nyingine, Gradius ya mwaka 1986. Mtengenezaji wake, Kazuhisa Hashimoto, aliona gemu aliyokuwa akiishughulikia ni ngumu mno kwake mwenyewe kuijaribu, akajitilia njia ya mkato, na njia ikabaki humo. Mwenye kibanda wetu hakuhitaji historia hiyo. Akisikia tu vidole vinakwenda mbio kabla picha haijaanza, alizima TV na kudai shilingi 50 nyingine.

Nayasema haya kwa sababu mtu anayehakiki gemu za zamani hubeba kibanda chake kichwani, na mie cha kwangu nilikibeba bila kujua kwamba kina kasoro.

Siku moja nilimnunulia mpwa wangu mashine ya namna ileile, mpya, na ndani ya boksi mlikuwa na bunduki ya plastiki ya kuchezea Duck Hunt, gemu ya kuwinda bata. Tukaichomeka kwenye TV bapa ya sebuleni. Bata wakaruka. Tukapiga, tukapiga tena, tukasogea mpaka mdomo wa bunduki ukagusa kioo. Hakudondoka hata mmoja. Yule mbwa wa kwenye majani akawa anainuka kila mara kutucheka, na ukishachekwa na mbwa mara kumi mbele ya mtoto, unaanza kutafuta wa kumlaumu. Nikaifunga bunduki kwenye mfuko wa rambo, nikapanda baiskeli, mpwa nyuma, tukaenda Makorora kwa fundi TV.

Fundi hakuifungua hata skrubu moja. Aliitazama, akacheka, akasema, "Kaka, hii haipigi kitu. Hii inaangalia." Mdomoni mwa bunduki mna jicho la kuhisi mwanga. Ukibana kifyatulio, kioo kizima kinageuka cheusi kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, halafu palipo na bata panawaka mraba mweupe. Jicho likiona cheusi kikifuatwa na cheupe kwa wakati uliopangwa, bata amekufa. TV ya chogo inachora picha papo hapo, mstari kwa mstari, kadiri inavyoipokea. TV bapa inaipokea kwanza, inaichakata, ndipo inaionyesha. Kuchelewa kwenyewe ni kiduchu, ila bunduki haina subira. Akachomoa TV moja ya chogo kutoka kwenye lundo lake, akaipiga kofi la ubavuni, ikawaka, na bata wakaanza kudondoka kama maembe ya Novemba.

Mpwa hakutaka tena kuondoka. Nikaona bora nami nifaidi, nikabadilisha gemu, nikaweka Super Mario Bros. Muziki ulipoanza nilisimama. Ulikuwa unakwenda polepole, kwa raha zake, na Mario alikimbia kama mtu anayekimbia mchangani. Nikamwambia fundi, "Huyu sasa ndiye! Yule wa kwenye vidude vya siku hizi wamemtia ndimu."

Fundi akaniuliza kama najua umeme wetu una mizunguko mingapi. Nikamwambia 50 kwa sekunde, hilo tulifundishwa. Basi, akasema, TV zetu za zamani zilifuata hesabu hiyohiyo, picha 50 kwa sekunde. TV za Japani na Marekani, ambako gemu hizi zilitungwa, zilikwenda picha 60. Na gemu kama hii haiangalii saa, inahesabu picha. Kila picha moja, Mario anasogea hatua yake na muziki unasogea noti yake. Ukiitia kwenye mashine ya picha 50 bila kuirekebisha, jambo linalochukua sekunde 50 kule kwao linachukua 60 kwako.

Nilikaa kwenye kigoda cha fundi nikafanya hesabu upya. Mario wa kidude kipya, niliyemwandikia kwamba ameharakishwa, ndiye alikuwa katika mwendo wa waliomtunga mwaka 1985. Aliyeharibiwa ni wangu. Watoto wa Ngamiani tulikuwa tumecheza gemu nzima kwa mwendo wa kujikokota, tukaisifu kwa upole wake, tukajisifu na sisi kwa umahiri wetu.

Mpwa wangu, ambaye nilidhani hasikilizi, akageuka. "Mjomba, kwa hiyo ulikuwa unashinda kwa sababu Mario wenu alikuwa mgonjwa?"

Nililipa fundi elfu mbili ambazo hakuniomba. Nyumbani nikaanza Mario upya, kwenye kidude, kwa mwendo wa 60. Gemu ile ina dunia nane, kila moja na steji nne, jumla 32, na utotoni nilikuwa nazimaliza huku napiga soga. Safari hii ilinichukua wiki tatu kufika 8-3, pale wanapokutokea wale kasa warusha nyundo wawiliwawili, na hapo nikakwama siku nne. Vidole vilikuwa vinabonyeza kwa saa ya Ngamiani. Naruka pale ninapokumbuka panafaa, na panakuwa pamepita.

Tangu hapo, kabla sijaandika lolote juu ya gemu, juu ya ukurasa naandika nimeichezea kwenye kifaa gani, kioo cha namna gani, mahali gani na saa ngapi ya siku. Vijana wa kijiweni wanaona ni urasimu wa ghalani. Ni kweli ni urasimu wa ghalani.

Urasimu huo ndio ulionisaidia na kile kidude cha gemu 400. Mnakijua: kidogo kama sabuni ya kipande, kina rangi za kung'aa, kinauzwa kuanzia madukani mpaka kwa machinga wa stendi. Kijana mmoja aliniletea cha kwake akitaka nikisifie, maana tayari ameshakinunua na alihitaji mtu mzima wa kumwambia hakukosea. Nikamwambia nipe Jumapili mbili. Nikaketi barazani na daftari, nikaifungua gemu namba 1, nikaandika jina na ninachokiona, nikaenda namba 2, hivyohivyo.

Mpaka namba sitini hivi mambo yalikuwa safi. Baada ya hapo zikaanza kurudi. Ile gemu ya vifaru, Battle City, niliikuta tena kwa jina lingine, ikianzia steji ya mbele. Nikaikuta mara ya tatu, rangi ya matofali imebadilishwa. Mario alirudi akiwa ameitwa jina la tunda. Gemu ya magari ilirudi ikiwa na gari lilelile, na tofauti pekee niliyoiona ni kwamba unaanza ukiwa na mafuta mengi zaidi. Kufikia namba 400 nilikuwa na majina yasiyojirudia pungufu ya nusu. Ghalani, dereva akija na karatasi ya magunia 400 na mzigo wa namna hii, hatoki getini.

Lakini niliandika pia jambo ambalo kijana hakulitarajia: nyuma ya kidude kile mna betri ya BL-5C, ileile ya simu za kitochi za Nokia. Kwa mji wetu hilo ni jambo kubwa. Ikifa, unavuka barabara unanunua nyingine kwenye kibanda cha vocha. Nina vidude viwili vya bei mara tano ya hicho ambavyo betri zake zimegundishwa ndani, na siku zikichoka itabidi nianze safari. Kwa hiyo hakiki yangu ilisema: usikinunue kwa ajili ya gemu 400, kinunue kwa ajili ya gemu thelathini nzuri na betri isiyokupa presha. Kijana akaridhika nusu, na hilo nalihesabu kuwa ushindi.

Nikiwa kwenye Nokia, niseme hili nipite. Wapo wazee wenzangu wanaoniona na kidude mkononi wakacheka kwamba mtu na ndevu zake anacheza gemu. Hao hao miaka ile walikuwa wakikaa kwenye kiti cha kinyozi wanacheza nyoka, kidole gumba kikizunguka 2, 4, 6 na 8. Gemu ile iliandikwa na Taneli Armanto na ikatoka na Nokia 6110 mwaka 1997. Hawajui tu kwamba walikuwa wachezaji.

Sasa nije kwenye Game Boy, kidude cha mkononi cha Nintendo, maana ndiyo iliyonifunza zaidi, na ndiyo iliyoleta ugomvi nyumbani.

Binamu yangu alikuja likizo kutoka Maskati, na kwenye sanduku, katikati ya makopo ya halua na vitambaa vya kanzu, alinitolea Game Boy ya kijivu, ile ya kwanza kabisa ya mwaka 1989, ikiwa na kaseti moja, Tetris, ile gemu ya kupanga matofali yanayoshuka. Aliipata kwa mtu aliyekuwa anahama nyumba. Nilifungua mlango wa betri kwa mikono inayotetemeka, na furaha ikakatika hapohapo. Betri za zamani zilikuwa zimevujia ndani. Springi mbili zilikuwa na ukoga mweupe wenye ukijani, mgumu kama chokaa ya ukutani.

Sisi watu wa pwani ukoga tunaujua. Tanga chumvi haikai baharini. Iko kwenye mabati, kwenye minyororo ya baiskeli, kwenye bawaba za madirisha, na ukiacha kitu cha umeme karibu na dirisha la mashariki mwaka mzima, itakukumbusha. Uchafu wa betri kama ule ni wa magadi, kwa hiyo dawa yake ni tindikali nyepesi. Nilichukua siki ya jikoni, nikachovya kijiti cha pamba, nikagusa springi ya kwanza. Ikatoa povu dogo na sauti kama soda inayofunguliwa mbali. Nikasugua, nikafuta, nikachovya kijiti kingine. Vijiti kumi na moja. Halafu spiriti ya hospitali ili kuondoa siki yenyewe, maana siki ukiiacha nayo inaanza kula. Nikaianika kivulini siku nzima. Springi moja ilikuwa imeliwa mpaka imebaki uzi, nikaiongezea kipande cha karatasi ya fedha kutoka kwenye pakiti ya sigara ya jirani.

Kaseti nayo niliisafisha meno yake kwa spiriti. Utotoni tungeipuliza. Kila mtoto wa kibandani alikuwa mpulizaji, na kila mmoja aliamini pumzi yake ina baraka kuliko ya mwenzake. Kumbe kilichoponya ni kule kuichomoa na kuirudisha, ili meno yakae vizuri. Pumzi ilikuwa inaongeza mate tu, na mate juu ya shaba katika hewa yetu hii, si lazima nieleze.

Ikawaka. Taa nyekundu ya kushoto, kisha jina la kampuni likashuka polepole kutoka juu, kisha ting'. Sijui kuandika sauti ile.

Hukumu yangu ya kwanza ilikuwa kali. Nilicheza usiku sebuleni, nikaandika: "Kioo kibovu. Hakina taa. Rangi nne tu na zote ni za maji ya mchicha. Kitu kikikimbia kinaacha kivuli nyuma." Yote yalikuwa kweli. Kioo kile kina nukta 160 kwa 144 tu, na hakina mwanga wake. Lakini safari hii nilikuwa na adabu ya kaunta buku: juu ya ukurasa nimeandika saa tatu usiku, ndani. Nikajiambia niijaribu na mahali pengine kabla sijatia sahihi.

Jumamosi nikaenda nayo Raskazone. Saa sita mchana, jua la utosi, bahari inawaka kama bati jipya. Nikatoa simu yangu ya tachi na kidude changu kipya chenye kioo cha rangi mamilioni. Vyote viwili viligeuka vioo vya kujitazamia: nilikuwa naona pua yangu na minazi nyuma yake. Nikatoa Game Boy. Jua lilivyoipiga ndivyo kioo kilivyozidi kusomeka. Nilikaa pale mpaka saa tisa alasiri, nikasahau hata kuoga.

Aliyeiongoza kazi ya kuitengeneza Game Boy, Gunpei Yokoi, alikuwa na msimamo wake: chukua teknolojia ambayo imeshazeeka, imeshakuwa rahisi na kila fundi anaijua, uitumie kwa namna ambayo haijafikiriwa. Vidude vyake vya kwanza vya Game & Watch vya mwaka 1980 vilitumia vioo vya namna ya vikokotozi. Ule msalaba wa kushoto ambao leo uko kwenye kila pedi aliubuni yeye, mwaka 1982, kwa ajili ya Donkey Kong ya mkononi. Wapinzani walikuja na rangi. Atari walitoa Lynx mwaka huohuo wa 1989, Sega wakatoa Game Gear mwaka uliofuata, na ukiziweka mezani gizani Game Boy inaonekana maskini. Ila Game Gear ilikula betri sita kwa saa tatu hadi tano, na Game Boy ilikwenda na betri nne kwa saa 15 na zaidi. Piga hesabu hiyo kwa bei ya betri za dukani kwetu, kwa mtu wa mshahara wangu, uone nani maskini.

Hata kile kivuli nilikuja kukielewa. Tetris haimdhuru mtu kwa kivuli, kwa sababu vipande vinashuka kwa hatua, kimoja kikisimama kabla hakijashuka tena. Jaribu gemu ya kukimbia kwenye kioo kilekile, macho yatauma. Mtu akiniuliza leo kama Game Boy ya kwanza ni nzuri, namuuliza kwanza: kuchezea nini, na wapi?

Namba ndiyo niliyoiacha. Zamani nilikuwa natoa alama kati ya kumi. Nikaipa Pokémon ya zamani, gemu ya kukamata na kufuga wanyama wa ajabu, tisa, na kijana mmoja akaagiza kaseti yake kutoka Mombasa kwa sababu ya tisa hiyo. Alicheza siku tatu. Siku ya nne alipowasha, hakuna kitu, safari yote imefutika. Kaseti zile zinatunza kumbukumbu kwa betri ndogo ya kidonge iliyochomelewa ndani, na ya kwake ilikuwa imezeeka kuliko yeye. Mie nilijua. Sikuliandika, kwa sababu nililiona ni jambo la fundi, si la mhakiki. Alikuja akaiweka kaseti juu ya meza yangu, hakusema neno, akaondoka. Tulibadilisha betri, lakini wale wanyama wake hawakurudi. Sasa mwisho wa kila hakiki naandika kitu gani kitakufa kwanza.

Shangazi yangu hajapata kusikia jina la Pokémon. Yeye ana kile kidude cha matofali, cha kioo cha kijivu, kilicholetwa nyumbani sikukuu moja ya Idi kwa ajili ya watoto na hakikuwarudia tena. Amekuwa nacho miaka mingi. Hukichezea jikoni, akishapalia wali makaa juu ya kifuniko, na ameshazoea kwamba mchezo mmoja mrefu ni sawa na wali kukauka vizuri. Akifungwa mapema, wali utakuwa na maji. Vipande vyote saba amevipa majina: fimbo, sanduku, kofia, jembe la kulia, jembe la kushoto, na nyoka wawili ambao anawatukana.

Nilimpa Game Boy nikitarajia astaajabu. Alikaa barazani, miwani imeshuka puani, akacheza kimya mizunguko mitatu. Halafu akainua uso.

"Mwanangu, dari mbona fupi?"

Nikamwambia dari gani.

"Huku juu. Kwangu nikifika hapa bado nina nafasi ya kujiokoa. Huku nimeshakufa. Wameipunguza."

Nilimwambia ni macho tu, kioo hiki ni kidogo. Akasonya. Nikachukua vyote viwili, nikavilaza juu ya mkeka, nikaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu, tofali kwa tofali. Kidude chake: kumi kwa upana, ishirini kwa urefu. Game Boy: kumi kwa upana, kumi na nane kwa urefu. Nikahesabu tena kutoka chini kwenda juu. Kumi na nane. Miaka kumi na nne nahesabu mizigo ya watu, na hakiki yangu ya Tetris ilikuwa imejaza kurasa tatu, juu ya Alexey Pajitnov na Moscow ya mwaka 1984, juu ya wimbo wa kienyeji wa Kirusi unaopigwa mle ndani, na mistari miwili iliyokosekana sikuiona.

"Sasa ubaya ni nini na uzuri ni nini?" nikamuuliza, kalamu mkononi.

Alifikiri. "Ubaya ni dari. Uzuri, huku fimbo nageuza kwa mkono huu na kwa mkono huu." Alionyesha vile vitufe viwili, A na B. Kidude chake kina kitufe kimoja kikubwa, kinachogeuza upande mmoja tu, kwa hiyo ukipitiliza unazunguka duara lote. Game Boy inageuza kulia kwa kimoja na kushoto kwa kingine. Hilo nilikuwa nalitumia kila siku bila kulisema. "Tena kizito," akaongeza, "hakitelezi mkono ukiwa na mafuta."

Niliyaandika kama alivyoyasema, nikaweka jina lake juu, si langu.

Tatizo ni kwamba hakunirudishia. Wiki ile umeme ulikuwa unakatika kila jioni, na kila ukikatika alimwita mjukuu wake amshikie tochi ya simu juu ya bega, kwa sababu kioo kile, kama nilivyosema, usiku ni kibovu. Mtoto akichoka mkono, tochi inashuka, na shangazi anapiga kelele kama refa. Siku ya nne taa nyekundu ikaanza kufifia. Alinyanyuka gizani bila kuuliza mtu. Betri mbili alizitoa kwenye redio ya marehemu babu, moja kwenye rimoti ya feni, na ya nne akapanda kiti akaichomoa kwenye saa ya ukutani.

Saa yetu ilibaki saa mbili kasorobo mpaka Jumatatu.